Kushoto Mbili, Usikate

Saa tatu asubuhi na Mufindi bado imelala,
imejivuta ukungu hadi kidevuni kama shuka la hospitali.
Hatua ya mwisho, raundi ya mwisho, Novemba ya utelezi.
Tuko mbele ya Nyenza kwa sekunde sita:
muda wa kupiga chafya mbili na kuomba radhi.
Tukizilinda, ubingwa unapanda Mbeya leo usiku.
Zikituponyoka, unalala hapo hapo Iringa, kwao.

Ambakisye haongei. Anatafuna tangawizi.
Gari hili ameliunga mwenyewe gereji ya Mwanjelwa,
injini ya mnada, mlango wangu wa rangi nyingine,
na deni la Saccos linalosafiri nasi kama abiria wa tatu.
Mimi nina daftari magotini, penseli imefungwa kwa uzi.
Yeye ana mikono na miguu. Macho ni mimi.

Tano. Nne. Tatu. Mbili.

Kulia nne, mia, tuta linarusha,
kushoto tano ndefu, chai pande zote,
themanini, kulia tatu inabana, daraja,
shika kati, shika kati, mbao zimelowa.
Nasoma kama anayesali rozari nyumba ikiungua,
sauti moja, bila kupanda, bila kushuka,
maana sauti ikitetemeka, mguu wake nao utatetemeka.
Wachuma chai wamesimama na vikapu mgongoni,
makoti yao ya mvua yanapita: njano, bluu, njano,
kisha misindano,
kisha giza la misindano.

Ukurasa wa kumi na tisa naujua bila kuutazama.
Kushoto mbili. Usikate. Na mistari miwili chini yake,
niliyoikandamiza hadi karatasi ikatoboka.
Hapo ndipo lori la magogo lilipomkataa baba
mwaka ule breki zilipobaki jina tu.
Watu wa Nyololo bado wanapaita Kwa Msigala,
kwa jina letu, kana kwamba tulipanunua.
Baba yu hai. Kilichobaki bondeni ni mguu mmoja.

"Kushoto mbili, usikate!"
na Ambakisye, aliyeniamini tangu raundi ya kwanza,
akakanyaga breki kama anayekanyaga nyoka.
Gari likainama, likapiga magoti, likakata kona kistaarabu
mahali ambapo barabara, nakiri sasa, ilikuwa wazi,
pana, imechongwa upya na greda la wilaya,
mtaro umefukiwa, bonde limewekewa kingo.
Ilikuwa kushoto nne. Labda tano.
Niliipita mara mbili siku ya kukagua njia, nikaiona,
na mkono wangu ukaandika mbili.

Igowole, karani mwenye saa alisoma bila huruma.
Sekunde moja. Nyuma.
Watoto wa kwenye kona wakasimulia kwa mikono na midomo:
Nyenza hakugusa breki, tope lake lilifika kwenye matawi!
Wakambeba juu. Mtu akammwagia soda ya chungwa,
nyuki wakamfuata hadi jukwaani.

Baba alikuwepo pale konani na magongo yake. Sikujua.
Alikuja jioni kwa bodaboda, akaketi juu ya tairi la akiba.
"Niliwaona mkipunguza," akasema, basi,
akaomba chai.

Ambakisye hakunilaumu. Ingekuwa afadhali.
Alifungua daftari ukurasa ule, tope limekauka pembeni,
akashika penseli, akailamba ncha,
akaitazama ile mbili muda mrefu,
kama mtu anayeoneshwa picha ya marehemu asiyemfahamu,
kisha akanirudishia penseli.
"Mwakani," akasema, "utaona mwenyewe."

Mvua ikaanza tena.
Tukaanza kupakia spana.